Kabla hujachora mstari: kwa wanaoanza kuchambua takwimu za mvua

Ukikabidhiwa faili la mvua za Tanzania, mkono utakuwasha ujumlishe kila mwaka, Januari hadi Desemba, kisha uchore mstari wa mwelekeo. Subiri kwanza. Dodoma, Tabora, Ruvuma na Mtwara hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Ukikatia hesabu Desemba 31, umeupasua msimu katikati. Kwa vituo vya huko, anza mwaka wako Julai.

Kaskazini ni habari nyingine. Ukanda wa mvua hufuata jua, na pwani ya kaskazini, visiwani na Kanda ya Ziwa hupita mara mbili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei, kaskazi inapoipisha kusi. Zitenganishe hata kama mkubwa wako anataka tarakimu moja. Vuli husikiliza sana bahari. Mwaka 1997 na tena 2019, maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto kuliko ya mashariki, na vuli ikamwagika kupita kiasi. Masika ni mkaidi; uhusiano wake na El Niño, yaani joto la Bahari ya Pasifiki, ni hafifu. Ukizichanganya, dalili ya vuli humezwa, nawe utaandika kwa kujiamini kwamba bahari haina athari.

Halafu ifungue data ghafi uisome kwa macho, usiiachie programu. Kipimamvua husomwa saa 3 asubuhi, kwa hiyo milimita za Jumanne zinaweza kuwa mvua ya Jumatatu alasiri. Siku katika data ya mvua ya setilaiti kwa kawaida huanza saa 9 usiku kwa saa zetu. Kabla hujailaumu setilaiti kwa kutolingana na kituo, sogeza safu moja kwa siku moja, au linganisha jumla za siku kumi kumi.

Seli tupu si sifuri. Ukiona Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ni tupu, kisha Jumatatu imeandikwa 81.4, usiipeleke kwenye orodha ya mvua kubwa: huenda ni maji ya siku nne yaliyopimwa kwa mkupuo. Kuna jaribio rahisi ninalolipenda: tafuta wastani kwa kila siku ya juma. Mvua haijui Jumapili, mpimaji anaijua.

CHIRPS, hifadhi ya makadirio ya mvua yanayounganisha setilaiti na vituo, inakupa data kuanzia 1981, kwa miraba ya kilomita 5 hivi, na ni msaada mkubwa. Ila setilaiti hukadiria mvua kwa ubaridi wa vilele vya mawingu. Mawingu ya chini yanayonyesha kwenye miteremko ya Usambara si baridi kiasi hicho, na mvua yake huweza kupunjwa. Wala usikimbilie wastani wa mkoa. Mkoa wa Kilimanjaro una miteremko ya kusini ya mlima, yenye migomba na kahawa, na una Same iliyo kame. Wastani wao haumhusu mkulima yeyote.

Mwisho, jumla ya msimu inaweza kuwa ya kawaida kabisa na mahindi yakakauka. Kokotoa pia tarehe ya mvua kuanza. Kigezo kinachotumika sana ni milimita 20 ndani ya siku chache, bila kufuatiwa na ukavu mrefu katika siku 30 zinazofuata. Hiyo sehemu ya pili ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayomwokoa mtu asipoteze mbegu.