Re: Kwanini Honda RC30 ya zamani inauzwa ghali kuliko pikipiki mpya ya cc 1000?

Mkuu umeuliza inakuwaje Honda RC30 ya cc 750 ya mwaka 1987 yenye hasipawa 112 iuzwe bei kuizidi cc 1000 mpya ya leo, na kama ile swingamu (chuma kinachobeba gurudumu la nyuma) ya mkono mmoja ni urembo tu. Ngoja nijibu maana hizi nimezishika, niko gereji ya pikipiki huku Uingereza na kuna wateja wanazo, zikija mi ndo nazifungua.

Pikipiki ya homologesheni, yaani iliyotengenezwa ili kiwanda kipate ruhusa ya kushindana, ukianza na hasipawa utapotea, anza na sheria za mashindano. World Superbike, ubingwa wa dunia wa pikipiki za aina ya dukani, ilianza 1988 na sharti lake kubwa ni kwamba mashine iwe ya kuuzwa dukani, kiwanda kitengeneze idadi iliyotajwa, kiuzie watu, ndo kiruhusiwe kukimbia. Af kuna vitu timu inaruhusiwa kubadili na vingine lazima vibaki vile vile vilivyotoka kiwandani. Sasa kiwanda chenye akili kinafanyaje? Hela yote kinaizamisha kwenye vile visivyoguswa, hivyo vingine kinaviacha vya kawaida tu maana timu watavitoa hata hivyo.

Ukiifungua RC30 unaliona hilo waziwazi. Konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) ni za titaniamu, na hii ni pikipiki ya kupigia namba barabarani mwaka 1987! Pistoni zina ringi mbili tu badala ya tatu, kupunguza msuguano. Kemu (shafti zinazofungua valvu) hazizungushwi na cheni, zinazungushwa na msururu wa gia katikati ya silinda, ndo ule mlio wa kama filimbi unaousikia ikiwa sailensa (imewaka bila kufungua mafuta), na raha yake ni kwamba hata ukiipeleka rpm 11,000 taimingi haiyumbi. Valvu zinasetiwa kwa shimu (visahani vyembamba vya chuma), sio skrubu kama VFR750F, ndugu yake ya kawaida ya barabarani, kwahiyo siku ya kuseti valvu usipange kazi nyingine, unapima, unatoa kemu, unabadili shimu, unarudisha, unapima tena, na ni V4, silinda nne zilizopangwa umbo la V, kwahiyo silinda mbili za nyuma zimejificha chini ya tenki na makabureta.

Halafu krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. VFR750F ina krenki ya nyuzi 180, RC30 wakaipa ya 360, yaani milipuko inakuja kwa mpangilio wa nyuzi 90 kisha 270 kisha 90 kisha 270. Kwa mlio unaweza kudhani ni silinda mbili. Dereva akifungua mafuta akitoka kwenye kona, nguvu inakuja kwa mapigo yenye nafasi, tairi la nyuma linapata muda wa kushika lami. Mi ningekuwa nachagua kitu kimoja cha kuisifia ningechagua hiki, ingawa watu wengi wanakimbilia kupiga picha swingamu.

Na hiyo swingamu sio urembo. Ilitokana na majaribio ya timu ya mashindano ya Elf waliyokuwa wakifanya na Honda, na kazi yake ni mbio ndefu kama zile za Suzuka kule Japan zinazodumu saa nane, ambako kubadili tairi haraka ni sehemu ya ushindi. Unafungua nati moja kubwa ya katikati, rimu inatoka, diski na sproketi vinabaki mahali pake, cheni huigusi. Mbele nako ekseli ina vishikio vya kufungua chapchap. Kwa uzito haina faida, mkono mmoja unabidi uwe mnene kubeba kazi ya miwili.

Kero yake ni mjini. Gia ya kwanza ni ndefu mno, inakaribia kilomita 130 kwa saa, maana boksi la gia limepangwa kwa mbio, kwahiyo kwenye foleni unaishi na klachi mkononi hadi inanuka. Na rimu ya nyuma ni inchi 18, tairi zuri la saizi hiyo siku hizi ni la kutafuta.

Matokeo unayaona kwenye vitabu: Fred Merkel kachukua ubingwa wa World Superbike wa 1988 na 1989 nayo, na Steve Hislop 1989 kwenye mbio za barabarani za kisiwa cha Isle of Man akawa wa kwanza kupita wastani wa maili 120 kwa saa kwa mzunguko mzima. Zilitengenezwa takriban 3,000 tu, na Japan ziliuzwa zikiwa zimebanwa hadi hasipawa 77. Ndo bei hiyo mkuu.

Ukidhani nakuza mambo kaangalie Yamaha R7 ya 1999. Zilitoka 500, bei kubwa, titaniamu kwenye konrodi na valvu, saspensheni Öhlins, halafu ikiwa dukani inatoa kama hasipawa 106! Watu walicheka. Ila kila silinda ilikuwa na injekta (kinyunyizio cha mafuta) mbili na moja imelala tu haifanyi kazi, mpaka ununue kit (seti ya vifaa) ya mashindano ndo inaamka. Nguvu zilikuwa za kununua baadae, kiwanda kilichokuuzia ni fremu na ruhusa ya kukimbia. Mwaka 2000 dereva Noriyuki Haga alimaliza wa pili kwenye World Superbike na hiyo hiyo.

2003 sheria ikaruhusu silinda nne za cc 1000, ambazo viwanda vilikuwa vinaziuza kwa wingi tayari, na hizi 750 za kutengenezwa chache chache zikakosa kazi.