Mhusika wako ni mwema kwa sheria ya nani?

Mgeni akikaa kwenye meza yetu ya mchezo wa Dungeons & Dragons hapa Mtwara mjini, huwa anakwama mahali palepale. Jina la mhusika kaandika, kabila lake kaandika, upanga kauchagua. Kisha anafika kwenye kisanduku cha mwelekeo wa kimaadili, anainua uso na kuuliza, "Sasa hapa niandike nini?" Mimi huwa namjibu: acha wazi. Wengi hudhani natania.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, Dungeons & Dragons ni mchezo wa kusimuliana. Mmoja anaendesha, anaeleza dunia na wote waliomo; wengine kila mmoja anashika mhusika wake na kusema anafanya nini, na pale matokeo yanapokuwa na mashaka, dadu ya pande 20 inaamua. Mwelekeo ndio unaosema mhusika ni mtu wa namna gani, na unapimwa kwa mistari miwili. Mmoja unatoka kwenye Wema kwenda kwenye Uovu. Wa pili unatoka kwenye Sheria kwenda kwenye Vurugu. Kila mstari una katikati yake, kwa hiyo vinapatikana vyumba tisa: mwema wa sheria, mwovu wa vurugu, na wote waliobaki kati yao.

Haikuanza hivyo. Mchezo ulipotoka Marekani mwaka 1974, mikononi mwa Gary Gygax na Dave Arneson, kulikuwa na pande tatu tu: Sheria, Kati na Vurugu. Wazo lenyewe lilitoka kwenye hadithi za kina Poul Anderson na Michael Moorcock, ambamo Sheria na Vurugu ni nguvu mbili zinazogombea ulimwengu. Mhusika alikuwa anachagua jeshi, si tabia. Vyumba tisa vilikamilika kwenye kitabu cha wachezaji cha 1978, na enzi hizo vilikuwa na meno. Paladini, yule askari wa dini aliyekula kiapo, ilikuwa lazima awe mwema wa sheria; akitenda uovu kwa kukusudia, nguvu zake zinakwenda na hazirudi. Mhusika mwingine akihama chumba, anashuka ngazi ya uwezo. Toleo la 2008 lilipunguza vyumba hadi vitano. La 2014 likarudisha vyote tisa, lakini likayang'oa yale meno: ukikiacha kisanduku wazi, karibu hakuna hesabu yoyote ya mchezo inayoharibika. Hata paladini wa siku hizi anabanwa na kiapo chake, habanwi na chumba alichojiandikia.

Kwa hiyo siwaambii watu wavunje kanuni. Nawaambia wasijihukumu kabla ya kesi.

Sababu yangu kubwa ni kwamba mchezaji akiandika mapema, mara nyingi anachanganya mistari miwili kuwa mmoja. Anadhani mtu wa sheria ni mwema, basi. Mtu wa kusini akidhani hivyo namshangaa, maana sisi tumekulia kwenye korosho. Nani hapa hajawahi kusikia ubishi wa kangomba sebuleni kwao? Tangu mwaka 2007 korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: unapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unapewa karatasi, mzigo unaingia ghalani, mnada unafanyika, halafu unasubiri hela. Kangomba ni yule anayekuja kijijini na fedha taslimu kabla ya yote hayo na kununua kwa bakuli, kwa bei ya kutupa, mara nyingi miezi ile ambayo ndani hamna kitu. Sheria inamkataza. Msimu wa 2018, Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa mmoja mmoja ili kangomba asijipenyeze. Sasa niambie, mama aliyemuuzia yule kangomba ni mtu wa Vurugu?

Swali hilo nililipeleka mezani, nikalivika nguo za nchi ya kubuni. Mfalme katangaza kwamba zao lote la njugu liende kwenye ghala la kifalme, malipo baada ya mnada, na atakayeuza pembeni afungwe. Sheria si mbaya. Mfalme aliitunga kwa sababu walanguzi walikuwa wanawanyonya wakulima. Paladini wa mezani kwetu alikuwa ameapa kuilinda. Aliyemchezesha ni dada mmoja anayeuza samaki feri, mtu wa maneno machache, na kisanduku chake kilikuwa wazi kwa shingo upande, kwa sababu yeye alitaka sana kuandika "mwema wa sheria" siku ya kwanza.

Usiku, paladini anapita doria. Anaona taa kwenye nyumba ya mjane. Mlangoni kuna mlanguzi na mkokoteni, gunia limefunguliwa, bakuli linaingia na kutoka. Ndani mtoto anakohoa, homa siku ya tatu, na mganga wa mji hapokei karatasi za ghala. Nikamuuliza: unafanya nini?

Alikaa kimya muda mrefu, dadu anaizungusha mezani kwa kidole. Wenzake wakaanza kupiga kelele. Mmoja anasema, "Kamata wote, si umeapa?" Mwingine anasema, "Geuza uso, dada, pita kama hujaona."

Akasema, "Gunia nalinunua mimi. Kwa bei ya mnada. Kesho nalipeleka ghalani kwa jina la huyu mama."

"Huna hela hiyo," nikamwambia. "Una vipande kumi na viwili vya fedha na farasi."

"Basi farasi nauza."

"Usiku huu? Nani atanunua?"

Akamwonyesha mlanguzi kwa kidevu. "Si huyu hapa ana hela."

Meza nzima ilicheka, lakini tazama alichofanya. Sheria ya mfalme haikuvunjika, gunia linafika ghalani. Mtoto anatibiwa. Mlanguzi kapata farasi kwa bei ya kutupa, kama ilivyo kawaida yake, na paladini anatembea kwa miguu kwa sehemu kubwa ya hadithi iliyobaki. Pale ndipo nilipomwambia, haya, chukua penseli uandike. Aliandika kilekile alichokitaka tangu mwanzo, lakini sasa kila mtu mezani alijua maneno yale yamegharimu nini.

Huo ndio upimaji ninaouamini. Chumba cha mhusika kinaonekana pale jambo linapomgharimu. Mwema ambaye hajawahi kulipa chochote hatumjui bado, na mwovu aliyechagua uovu pale usipokuwa na faida yoyote huyo ni kichekesho tu. Kama unaendesha mchezo, acha kuuliza watu wao ni kina nani. Watengenezee usiku wa namna ile, uwaulize wanafanya nini.

Mwovu wa sheria naye watu wanamkosea. Wanamchora jitu lenye pembe na katiba mkononi. Kwenye hadithi ileile nilimweka karani wa ghala. Hajavunja kifungu hata kimoja. Mizani yake imekaguliwa na ina muhuri. Ila kuna ada ya gunia, ada ya kushusha, ada ya kuandikwa, ada ya mlinzi, na mzigo ukionekana una unyevu unarudi mwisho wa foleni, na ni yeye anayeamua unyevu ni nini. Anaongea kwa upole mno. "Mama yangu, mimi nafuata utaratibu." Wachezaji waliokuwa wamepambana na mazimwi bila kujali walimchukia karani yule kwa moyo wote, na hakuna aliyeweza kumpiga upanga, kwa kosa gani? Ilibidi wajifunze vifungu vya ghala kuliko yeye. Vikao vile ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote nilivyoendesha, na upanga haukutoka alani hata mara moja.

Na mlanguzi? Ubishi wake haukuisha na sikutaka uishe. Kijana mmoja wa bodaboda alimtetea kwa nguvu: bila yeye yule mtoto angekufa, mfalme yuko wapi usiku? Ana hoja. Mimi namtazama kwenye bei. Mtu anayejua kwamba wewe huna mnunuzi mwingine usiku ule, bei anayokutajia ndiyo inayomweleza. Akitoa karibu na ya mnada, huyo anavunja sheria lakini ni mtu wa kati, pengine mwema kabisa. Akikata nusu kwa sababu amesikia mtoto anakohoa, usimtafutie jina la upole.

Upande wa Vurugu nao unafundishwa vibaya. Wachezaji wapya wanaupenda kwa sababu wanaona ni ruhusa. Anamwibia mwenzake mfukoni, anachoma moto nyumba ya wageni, ukimuuliza anasema, "Ndivyo mhusika wangu alivyo." Jibu langu ni swali moja tu: wenzako wanasafiri naye kwa nini? Asipokuwa na jibu, mhusika huyo hana mahali kwenye hadithi, atengeneze mwingine.

Nikitaka kumwonyesha mtu Vurugu yenye akili, namkumbusha watani msibani. Watu wanalia, yeye anaingia amevaa kanzu ya marehemu, anakohoa kama marehemu, anadai madeni, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Amevuruga kila kitu. Lakini jaribu kumfukuza uone wazee watakavyokujia juu. Ana haki ile kwa mila, na isingekuwa yeye wafiwa wasingecheka siku ile. Je, huyo ni mtu wa Vurugu au wa Sheria? Binafsi namweka kwenye Sheria, iliyo kongwe kuliko ya serikali ya mtaa, lakini najua wengi watakataa. Ukimpata mchezaji anayeweza kumchezesha mhusika wa namna hiyo, mshikilie.

Kuhusu katikati nitasema kidogo. Watu huikimbilia wakidhani ni mahali pa kupumzikia. Mfikirie mvuvi wa kijiji kama Msimbati ambaye yeye mwenyewe hapigi baruti na wala hawataji wanaopiga. Mlipuko ukilia, matumbawe yakavunjika, samaki wakaelea, anasogeza mtumbwi anaokota. Anajiita mtu wa kati. Mimi naona ameshachagua, ila hajaambiwa. Mtu wa kati wa kweli ana kazi ngumu kuliko wote, maana pande zote mbili zitamdai jibu na itabidi awe nalo.

Jambo ambalo sina subira nalo ni kabila zima kuandikiwa uovu. Vitabu vya zamani viliweka mwelekeo mbele ya kila kiumbe cha kubuni: orki mwovu, gobilini mwovu, hata mtoto mchanga wa orki hujui umfanye nini. Mwaka 2020 kampuni inayochapisha mchezo, Wizards of the Coast, ilitangaza yenyewe kwamba itabadilisha namna inavyowaeleza viumbe hao. Vizuri. Sisi tunaotoka kusini tunajua maana ya kuandikiwa tabia kabla hujashuka kwenye basi. Mezani kwangu orki anapimwa kama binadamu yeyote. Na ukitaka viumbe vya kutisha visivyo na jibu rahisi, katazame vinyago vya mashetani vya Wamakonde: midomo pembeni, jicho moja tumboni, mguu unaota begani. Ukiwauliza wachongaji, shetani huyu anadhuru, yule mtundu tu, na yupo anayesaidia. Nimewachukua wengi kutoka huko kuliko kwenye vitabu vya mchezo.

Mnaouliza vifaa: kanuni za msingi za toleo la 2014 ziliwekwa huru mwaka 2023, unazipakua bure, ingawa ni za Kiingereza. Dadu kama huna, andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, tia kwenye kopo, tikisa, chomoa, rudisha. Penseli ni lazima. Kalamu ya wino kwenye kisanduku kile nimeipiga marufuku.

Maana wahusika wanahama. Yule kijana wa bodaboda alianza na mpelelezi mwenye huruma sana, na huruma yake ikawa inapungua kidogo kidogo kila alipopata fedha. Zamani kanuni zingemshusha ngazi. Mimi sikumwadhibu. Wakati wa kunywa chai nilimwonyesha tu orodha ya watu aliowaahidi kitu tangu tuanze, na nani kati yao alikipata. Aliisoma mara mbili. Kisha akafuta "mwema", kisanduku akakirudisha kuwa kitupu, akasema tuendelee, lakini kwanza anataka kurudi kijijini kwa yule mjane akaone kama mtoto alipona. Paladini akamwambia yuko tayari kumsindikiza, ila kwa miguu.