Kwetu ni wapi: barua kwa binti yangu

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na mama yako amezisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Sisi wazima. Bibi yako magoti yanamsumbua tangu mvua za vuli, lakini nazi anakuna mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Umeuliza swali fupi. Wakwe zako huko Marangu walikuuliza kwenu wapi, ukajibu Tanga, na baba mkwe wako akasema, "Hapana, jina hilo la ukoo ni la Waha. Kwenu ni Kigoma." Sasa unataka nikuambie nani yuko sahihi, ili mtoto akianza kuongea umfundishe jibu moja.

Wakwe zako usiwalaumu, mama. Mtu wa Marangu ana kihamba: migomba, kahawa chini ya migomba, mfereji wa maji unaopita kwa zamu, na makaburi ya mababu humo humo. Ndiyo maana Desemba wanapanda mlima wote, aliye Dar es Salaam na aliye Mwanza. Kwao ardhi, miti na makaburi viko mahali pamoja, basi jibu mtu anazaliwa nalo. Kwetu sisi vilitawanyika. Makaburi yako Mwandiga, Kigoma, kazi ilikuwa kambini kwenye mashamba ya mkonge Tanga, na ardhi haikuwepo popote kwa miaka 24.

Unajua ninachosema siku zote, na nduguzo wamechoka kukisikia: kwenu ni pale unaporuhusiwa kupanda mnazi. Sisemi mahindi. Mahindi hata mgeni wa msimu mmoja hulima. Ukiazima shamba huku, mwenye shamba atakuambia mapema: lima mahindi, lima kunde, lima choroko, ukitaka weka na mihogo, ila mti usipande. Hana roho mbaya. Pwani, udongo una mwenyewe na mti una mwenyewe. Mnazi unauzwa bila shamba, unarithiwa bila shamba, unawekwa rehani bila shamba, na mwenye mnazi ana haki ya kupita kwenda kuangua nazi zake. Mnazi wetu mrefu huzaa kwa miaka zaidi ya 60. Kwa hiyo anayekuruhusu kuupanda amekuruhusu wewe, mwanao na mjukuu wako mje hapo mkiwa na shoka au kapu, na asiwaulize mnakwenda wapi. Hata serikali inapochukua ardhi, mthamini huhesabu mti mmoja mmoja. Mahindi ukishavuna hayana cha kuhesabiwa.

Hilo wenye mashamba ya mkonge walilijua vizuri kuliko sisi.

Babu yako alikuja 1951 kupitia SILABU, ile ofisi iliyoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1944 kukusanya wafanyakazi kutoka mikoa ya mbali. Treni kutoka Kigoma, kisha barabara hadi Korogwe, maana reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi ilikuja 1963. Alipewa namba, na kwa namba hiyo akawa manamba yeye na wenzake wote: Waha, Warundi, Wamakonde, Wanyamwezi. Alipewa na kipande, kadi ya siku 30. Ukimaliza kazi yako ya siku, siku inawekwa alama. Usipoimaliza, hata kama ulishinda shambani tangu alfajiri, siku haipo. Mshahara hautoki mpaka alama 30 zitimie, na kuna mtu alimaliza kipande kwa miezi miwili kwa sababu ya homa tu.

Unaiona mikonge ukipita na basi na unaiona mizuri, na kweli ni mizuri, mistari imenyooka mpaka chini ya milima ya Usambara. Sasa jua jinsi inavyokatwa. Mkonge hukatwa mara ya kwanza ukiwa na miaka miwili na nusu hivi au mitatu. Mkataji anaanza na majani ya chini, anakata karibu na shina bila kulijeruhi, anaondoa mwiba wa ncha, anafunga mzigo wa majani 30. Juu lazima abakize majani ya kutosha. Akikata mpaka moyoni mmea unadumaa, na mavuno yanayofuata ni majani mafupi yasiyo na singa, yaani nyuzi, za maana. Utomvu unawasha, ukiingia jichoni siku hiyo imekwisha. Majani hayawezi kungoja: yakilala kwa muda baada ya kukatwa utomvu unakauka, singa zinatoka na madoa na daraja linashuka. Kwa hiyo mizigo inapelekwa haraka kwenye korona, mashine inayoponda jani na kulikwangua kwa maji mengi, na katika kila kilo 100 za majani zinatoka kilo nne hivi za singa. Zinaanikwa kwenye nyaya juani, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000. Tanga nzima ilijengwa juu ya zile kilo nne katika mia, bandari na reli pamoja. Kamba za nailoni zilipoingia sokoni bei ikaanguka, na ndipo unapowasikia wazee wa mjini wakiisimulia Tanga kana kwamba ni mtu aliyesafiri.

Na mkonge wenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya Pangani. Leo ukisema Tanga mtu anaona mkonge. Nilitaka nikupe hoja hiyo umpelekee baba mkwe wako, kisha nikaiacha. Mkonge haukuulizwa jina la ukoo.

Kambini sheria ilikuwa ile ile ya mwenye kuazimisha shamba, ila imeandikwa. Nyuma ya vyumba ruksa kulima mboga, mahindi na viazi vitamu. Mti wa kudumu marufuku, kwa sababu aliyepanda mti anaweza kudai fidia akiondoka, na anayedai fidia ni mtu mwenye kwao.

Sasa hapa utanisamehe, maana kisa hiki umekisikia kwa bibi yako, lakini hujakisikia chote.

Babu yako alitoka kwenye michikichi. Mwandiga na Simbo yote ni michikichi, mtoto anakua akijua kukwea, kukata mkungu na kuchemsha mawese. Mnazi alipouona Tanga alisema ni ndugu yake mchikichi aliyekwenda kuishi pwani. Mwaka 1968 akapanda mmoja nyuma ya chumba. Mnyapara aliuona akanyamaza, alikuwa mtu mwema. Bibi yako aliumwagilia kwa maji ya kufulia kila kiangazi. Mbuzi waliula jani moja mwaka wa pili, babu akauzungushia miiba. Mwaka wa nne chonga aliingia kileleni, yule mdudu mweusi mwenye pembe, babu akamtoa kwa waya uliokunjwa ncha na kuziba tundu kwa mchanga na majivu. Mwaka wa sita ukatoa karara la kwanza, lile ganda la maua, likapasuka, na vidaka, yaani nazi changa, vikashika. Bibi yako anasema vilikuwa 11. Vidaka vingi huanguka vyenyewe, hilo kila mtu analijua, lakini yeye alivihesabu kila asubuhi na bado vilikuwa 11.

Mwaka huo mfanyakazi mmoja aliyeacha kazi alidai fidia ya miembe yake, ukatoka uamuzi kwamba miti yote ya kambini iondolewe. Walikuja na shoka saa nne, babu akiwa kwenye kukata mkonge. Aliporudi mnazi ulikuwa umelala. Na majirani, kwa wema kabisa, walikuwa wameshatoa shaha, ule moyo mweupe wa kileleni ambao mtu huupata tu mnazi ukiuawa, wakamwekea kwenye sahani kwa sababu ni chakula cha heshima. Babu hakula. Alikaa nje mpaka usiku. Bibi anasema hakulalamika wala hakumtukana mtu, aliuliza jambo moja tu: kama wangengoja vikafika kuwa madafu ingewagharimu nini? Miezi saba ingetosha.

Mimi hilo la miezi saba sijalimaliza mpaka leo.

Mwaka uliofuata, 1975, vijiji vikipangwa, alikwenda kwa wazee wa kijiji hiki. Mzee wa Kibondei aliyekuwa akigawa alimuuliza, "Unataka kulima nini?" Angeweza kusema mahindi akapewa bila maneno. Akasema, "Minazi." Wazee wakatazamana, wakamwambia arudi kesho. Kesho yake walimpimia ekari mbili, mashahidi wanne, mpaka wa juu umewekwa kwa mstari wa mikonge, ule unaouona hadi sasa. Hakuna aliyemuuliza kabila. Baadaye walimwita Mha kila siku ya maisha yake, kwenye harusi na kwenye msiba, na aliitika.

Kwa hiyo ningetaka kusema Tanga, na yaishe. Lakini najipinga mwenyewe. Kama kwenu ni pale unaporuhusiwa kupanda mnazi, basi babu hakuwa na kwao kwa miaka 24, na huo ni uongo. Kambini alioa, alizika watoto wawili, alicheza ngoma kila Jumamosi ya mshahara. Tena Mwandiga angeruhusiwa kupanda mchikichi siku yoyote, bila kuomba mtu, wala hakurudi. Kaka zake walimwandikia kwamba sehemu yake ya shamba ipo na hakuna aliyeigusa. Ile barua ipo kwenye sanduku la bati. Mtu anayeshikiwa shamba na ndugu zake miaka yote hiyo, utasema huko si kwao? Baba mkwe wako ana hoja. Mtu aliyepanga chumba Dar es Salaam naye hana pa kupanda hata mchicha, sasa kwao hakuna? Wananiuliza hivyo nduguzo na sina jibu zuri, ila naendelea kuamini, kwa sababu niliona, na bibi yako aliona, tofauti ya uso wa babu kabla na baada ya zile ekari mbili.

Kitovu cha babu kilizikwa Mwandiga. Changu kambini, na pale sasa ni mkonge mtupu. Chako kiko chini ya mnazi wa tatu kutoka kisimani, na hilo hukuliuliza ila nakuambia.

Neno la mwisho nimelishika ulimini, na mama yako ananiambia nilitoe. Silitoi. Wewe ndiye unayeulizwa, na mtoto ni wa Marangu kwa baba yake, nisije nikamgawia mtu kihamba cha mwingine.

Lakini njoni kabla masika hayajachanganya. Julai nililaza mbegu sita kitaluni, nazi zilizokomaa miezi 12 kutoka kwenye ule mnazi wa kisimani, usioruka mwaka. Nilizitikisa moja moja, ile isiyocheza maji niliitupa. Zimechipua nne, zina majani manne sasa, zimefikia kuhamishwa. Mashimo mwambie mumeo ayachimbe yeye, mkono wa mkwe ni mzuri: futi mbili na nusu kwenda chini na upana huo huo, mita tisa kutoka mnazi wowote, kwa sababu ukibana unakimbilia juu kutafuta jua na hauzai. Chini tutatandika makumbi ya nazi, mgongo ukiwa chini, yashike maji wakati wa kiangazi. Udongo wa juu tuchanganye na samadi iliyooza, si mbichi, mbichi inaita mchwa. Mche usifukiwe shingo. Watu wengi wanakosea hapo: wanaulaza mche chini sana, mvua inaleta udongo, shingo inaoza, halafu wanasema mbegu ilikuwa mbaya. Gogo lolote la mnazi uliokufa tulichome kwanza, chonga huzaliana humo. Na mkiona majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, juu ya minazi mikubwa msiwaue hata wakiwauma. Wao ndio wanaomfukuza mdudu anayefyonza vidaka, na palipo na majimoto vidaka havianguki ovyo.

Mtoto mkalisheni karibu na shimo aone. Jina la mnazi atalitaja mwenyewe akikua. Bibi yako anataka mlete kahawa ya huko, iliyokaangwa lakini isiyosagwa, ataitwanga mwenyewe.

Baba yako