Maswali na Majibu: Kujifunza Raga kwa Kuwatazama Wakongwe

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni winga, nakaa Raskazone hapa Tanga. Kila wikendi natazama mechi za raga kwenye simu, lakini mbona uchezaji wangu haubadiliki?

Marahaba, mwanangu. Nadhani macho yako yanaufuata mpira, ilhali anayejifunza anapaswa kumfuata mtu. Katika dakika 80 za mechi, winga huushika mpira kwa muda mfupi mno. Muda wote uliobaki anajipanga, anawahesabu wapinzani walio mbele yake na kuelewana kwa sauti na beki wa mwisho. Mpira unapohamia upande wa pili wa uwanja na beki wa mwisho akaufuata huko, winga mzoefu wa upande ulioachwa harudi kupumzika kwenye mstari wa pembeni, bali hurudi nyuma na kuingia katikati ili aizibe nafasi iliyobaki wazi, kwa sababu anajua kwamba mpinzani mwenye akili atapiga mpira huko huko.

Ukitaka kuamini kwamba kazi kubwa hufanyika bila mpira mkononi, irudie fainali ya Kombe la Dunia ya 2023 kule Paris. Afrika Kusini iliifunga New Zealand 12–11 bila kupata hata trai moja (yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa mpinzani), pointi zote zikitokana na penalti nne za Handré Pollard, na mchezaji bora wa mechi akawa Pieter-Steph du Toit, ambaye aliwakaba wapinzani, yaani kuwashika na kuwaangusha, mara 28. Chagua dakika kumi tu za mechi hiyo, umtazame yeye peke yake: anavyoinuka baada ya kumwangusha mtu, na anavyorudi kwenye mstari wa ulinzi kabla mpira haujatoka tena. Kisha nenda mazoezini ukiwa na jambo hilo moja tu la kulifanyia kazi.

Mimi hucheza namba 9, yule anayeuokota mpira ardhini na kuwapasia wenzake. Nimtazame nani?

Mtazame Antoine Dupont wa Ufaransa, na uanze kumtazama kabla hajaufikia mpira. Utaona akiinua kichwa huku bado anakimbia, hivyo anapoinama tayari anajua pasi itakwenda wapi. Baada ya hapo angalia miguu yake: ule wa nyuma huwekwa karibu kabisa na mpira, na wa mbele huelekea kwa anayepewa pasi, ili mpira utoke ardhini moja kwa moja bila kuvutwa kwanza kifuani. Simamisha picha kabla pasi haijatoka, useme kwa sauti wewe ungeupeleka wapi, halafu uiachie. Zoezi hili linachosha kuliko kutazama tu, nami naliamini kuliko mengine yote ya kwenye simu.

Je, naweza kujifunza raga ya wachezaji saba kwa kutazama ile ya kumi na tano?

Pasi na namna ya kukaba, ndiyo. Mengine tazama raga ya saba yenyewe, kwa kuwa uwanja ni ule ule lakini kila kipindi ni dakika 7, na mlinzi mmoja akikosea hakuna wa kumfunika. Anza na fainali ya mashindano ya Singapore ya 2016, Kenya ilipoifunga Fiji 30–7.

Mimi ni mama wa Ngamiani. Mwanangu na wenzake wanaigiza ukabaji wa kwenye simu uwanjani, na naogopa wataumizana. Niwazuie?

Mama, hofu yako ina msingi. Ukabaji ni sehemu ambayo macho hayatoshi, kwa sababu kinachomlinda mkabaji, yaani mahali anapokiweka kichwa chake, hakionekani vizuri kwenye picha inayokwenda kasi. Kichwa kinatakiwa kiwe pembeni au nyuma ya mwili wa anayekimbia, kamwe kisiwe mbele ya mapaja au magoti yake, na sheria inakataza kumkaba mtu juu ya usawa wa mabega. Waache wacheze kwa kupeana pasi na kugusana tu mpaka wampate kocha, naye awaanzishe wakiwa wamepiga magoti, polepole, kwenye mchanga au nyasi laini. Anayegongwa kichwa na kuonekana kuduwaa atolewe mchezoni papo hapo, asirudi siku hiyo, na apelekwe kwa daktari.

Hapa kwetu hakuna mechi kubwa za raga. Wakongwe nitawaona wapi ana kwa ana?

Kutoka Tanga, Mombasa iko karibu kuliko Dar es Salaam, na raga huchezwa huko tangu zamani, hasa katika uwanja wa Mombasa Sports Club. Andaa hati yako ya kusafiria, uvuke mpaka pale Horohoro, na ukifika usikae pembeni katikati ya uwanja penye watu wengi. Simama nyuma ya magoli, kwani hapo unauona mstari mzima wa ulinzi ukipanda na kushuka, jambo ambalo kamera, kwa kuufuata mpira, hukunyima. Fika mapema uone wanavyopasha misuli moto. Mechi ikiisha, msalimie mchezaji mmoja kwa adabu, na usimuulize jinsi ya kuwa bora. Muulize jambo uliloliona kwa macho yako, kwa mfano kwa nini alibaki nyuma wenzake walipopanda kukaba. Kwa swali la namna hiyo, wengi wao hukushika mkono na kukurudisha uwanjani wakuonyeshe pale pale waliposimama.