Kabla Hujagusa Kisu cha Zamani

Wengi wanaoanza kazi hii ya kukarabati visu, wakipata kisu kilichokula kutu, kitu cha kwanza kinachowajia ni grainda. Iache. Kisu cha zamani kilishafuliwa, kikapewa umbo na ugumu wake. Kazi yako ni kuondoa chuma kidogo kadiri inavyowezekana, halafu kukitengenezea mpini na ala vinavyokifaa. Mti na ngozi ukiharibu utakata vingine. Chuma kikishaondoka kimeondoka.

Adui mkubwa ni joto. Ugumu wa kisu cha chuma cha kaboni hutokana na kukipasha moto mpaka kiwe chekundu, kukizamisha kwenye mafuta au maji, kisha kukipasha tena taratibu, mara nyingi kati ya nyuzi 180 na 230 za sentigredi. Grainda hupita kiwango hicho kwenye makali membamba kwa sekunde chache tu. Chuma chenyewe hukuonyesha kwa rangi: manjano hafifu, kahawia, zambarau, halafu buluu ikikaribia nyuzi 300. Ukiona buluu kwenye makali, pale pamelainika. Utanoa asubuhi na jioni kisu ni butu. Kusugua rangi mpaka itoke hakusaidii kitu, kwa kuwa ulaini umeshaingia ndani.

Kwa hiyo kutu tunaitoa kwa mkono. Paka mafuta mepesi, acha yaingie, halafu sugua kwa sufi laini ya chuma. Panapokataa, tumia msasa namba 240, kisha 400, kisha 600, ukiuzungushia kipande cha mti bapa ili usitengeneze mabonde. Siki nayo hufanya kazi, ila usikiloweke ukaenda kulala: kila baada ya nusu saa kitoe ukiangalie, maana siki ikimaliza kutu huanza kula chuma. Ukimaliza, kioshe kwa maji yenye magadi, kikaushe hapohapo na kukipaka mafuta, la sivyo kutu mpya itaanza kabla hujasafisha meza.

Ile rangi ya kijivu iliyokolea kwenye bapa si uchafu. Ni tabaka jembamba ambalo huchelewesha kutu nyekundu, nami siiondoi. Vishimo vilivyo mbali na makali viache vilevile. Anayetaka bapa linalong'aa kama kioo anunue kisu kipya.

Kabla ya kung'oa mpini wa zamani, jua umetengenezwa na nini. Kama ni pembe ya ndovu, biashara yake inabanwa na sheria karibu kila nchi, basi uliza kwanza. Kama ni seluloidi, ile plastiki ya kale iliyoigiza pembe au gamba la kasa, usiisage wala kuisogeza karibu na moto: hushika moto upesi mno, na ikizeeka hutoa mvuke wenye asidi unaokula hata visu vilivyo jirani.

Mpini ukitoka, kagua msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Hapa ndipo wageni hudanganyika, kwa sababu bapa linaweza kuwa safi huku msuka, pale unapoungana nalo chini ya noleo (pete ya chuma mwanzoni mwa mpini), umeliwa na maji yaliyojificha miaka mingi. Ukiwa umeliwa nusu, kisu hicho ni cha kutundika ukutani, hakifai kazi.

Mti wa mpini uwe mkavu kabisa. Mti mbichi husinyaa, na baada ya muda utasikia msuka na vichwa vya ribiti, ile misumari inayoshikilia mpini, vikikukwaruza kiganja. Mpingo na mzeituni ni miti mizuri kwa mpini, lakini mpingo una mafuta. Ufute kwa asitoni muda mfupi kabla ya kutia gundi. Vumbi lake huwasha mapafu na ngozi, basi vaa barakoa.

Kisu chenye msuka mpana huvaa vipande viwili vya mti, kimoja kila upande. Panga kila kitu pakavu kwanza, ribiti zikiwa matunduni, uone kama kuna mwanga unaopenya. Kisha ulainishe kabisa ule upande wa mbele wa vipande, unaotazamana na bapa, kabla ya kugandisha. Hili nalirudia kwa kila mwanafunzi: mpini ukishashika, huwezi kupapiga msasa pale bila kukwaruza kisu. Zungushia makali tepu nene, changanya gundi ya epoksi kwa vipimo vya mtengenezaji, kwaruza nyuso zote mbili ili ipate pa kushika, na ukibana usikaze mpaka gundi yote itoke. Chagua epoksi inayokauka polepole, uiache siku nzima.

Umbo la mpini lifuate mkono. Chonga kidogo, shika kana kwamba unakata kijiti kikavu, chonga tena panapoumiza. Mabonde ya vidole yanavutia machoni ila yanakulazimisha ushike namna moja tu. Bora mpini wenye umbo la yai ukiukata kati; mkono unajua makali yako wapi hata gizani. Mafuta ya kitani yanatosha kuukinga, tabaka jembamba baada ya jingine. Matambara uliyofutia yatandaze yakauke, usiyafinyange kwenye ndoo: yanaweza kushika moto yenyewe.

Kwa ala, tafuta ngozi ya unene wa milimita 3 hadi 4, iliyodabaghiwa kwa magome ya miti. Ngozi laini ya mikoba haishiki umbo. Kata kielelezo cha karatasi kwanza, ukikizungushia kisu chenyewe, na kumbuka kama mtumiaji ni wa mkono wa kushoto. Katikati ya pande mbili weka ukanda mwembamba wa ngozi kando ya makali. Bila huo, kisu kitakata nyuzi kila kikiingia. Toboa kwa msharasi, tundu kila milimita 4 au 5, ushone kwa uzi mmoja wenye sindano mbili, zote zikipita kila tundu kutoka pande tofauti. Uzi ukikatika mahali pamoja, mshono hautafumuka wote.

Halafu lowesha ngozi, funga kisu kwa nailoni, kiingize, na ukandamize kwa vidole mpaka ngozi ishike shingo ya mpini. Toa kisu, ikauke kivulini. Jua na moto huifanya ikakamae na kupasuka.

Kunoa kuje mwisho kabisa, kwa sababu kisu kikali mezani hukata fundi na ngozi yake. Paka wino wa kalamu kwenye makali, pitisha mara mbili kwenye kinoo, uangalie: wino ukitoka juu tu umelaza mno, ukitoka ukingoni tu umesimamisha mno. Nyuzi 15 hadi 20 kila upande zinatosha kwa kazi nyingi. Noa upande mmoja mpaka kidole kihisi ukingo mdogo wa chuma umejikunja ng'ambo, geuza, kisha uuondoe kwa mipito myepesi. Kisu usikihifadhi alani kwa miezi. Ngozi hushika unyevu, na kutu uliyoitoa itarudi upande usiouona.