Mwili ulioko mita 8,300: nani ataupandia?

Swali: Mdogo wangu alifariki mwaka jana akishuka Everest, na mwili wake umebaki kwenye mita 8,300 hivi. Kuna mtu anatupigia simu kila siku, anasema ana helikopta na atamteremsha tukitanguliza nusu ya pesa. Wazee wanataka azikwe kwenye kibanja cha baba. Tufanyeje? – Msomaji, Fort Portal

Jibu: Poleni sana kwa msiba. Msitume hata shilingi moja.

Hiyo helikopta ndiyo inayowaponza wengi. Watu wameona video ya Mfaransa Didier Delsalle akitua kwenye kilele cha Everest tarehe 14 Mei 2005, wakaamini kwamba kinachokosekana ni pesa tu. Delsalle alikuwa rubani wa kuzifanyia helikopta majaribio, peke yake, kwenye helikopta iliyopunguzwa uzito, na hakubeba mzigo wowote. Helikopta hujiinua kwa kusukuma hewa chini. Kwenye mita 8,000 hewa ni nyepesi kiasi kwamba uzito wake haufiki hata nusu ya ule wa pwani, basi panga zinazunguka bila kupata cha kusukuma. Na kuelea mahali pamoja ili mwili ufungwe kamba kunakula nguvu kuliko kwenda mbele. Kwa kawaida helikopta huchukua miili Kambi ya 2, moja ya kambi za wapandaji njiani, karibu mita 6,400. Kutoka alipo ndugu yenu hadi hapo, ni mikono ya watu.

Mwili wa huko umeshikana na barafu, unachongolewa kwa shoka kwa saa nyingi. Umekauka vile ulivyolala: mkono uliochomoza haukunjiki, unanasa kwenye kila mwamba. Barafu iliyoganda kwenye nguo inaweza kuufanya uwe na uzito maradufu. Unafungwa turubai, kisha watu 6 hadi 10 wanaushusha kwa kamba kipande kwa kipande. Chupa ya oksijeni ya kumtosha mtu saa 8 kwa lita 2 kwa dakika humwishia kwa saa 4 akihitaji lita 4, na kazi hii inataka hewa nyingi. Mzigo ukiponyoka, unaondoka na waliofungwa nao. Mjerumani Hannelore Schmatz alifia karibu na kimo hichohicho mwaka 1979. Mwaka 1984 inspekta wa polisi Yogendra Bahadur Thapa na Ang Dorje, Sherpa (mwenyeji wa milima hiyo anayefanya kazi ya kuwasaidia wapandaji), walijaribu kumteremsha, wakafa wote wawili.

Nitajibiwa kwamba Masherpa wanalipwa na wamekubali. Hilo linaniudhi kuliko uongo wa huyo dalali anayewapigia simu. Mwenye karo ya watoto, anayejua kwamba akikataa hataitwa kazini msimu ujao, amekubali nini? Ridhaa ina masharti: kila mmoja aweze kukataa hadi asubuhi ya safari bila kunyimwa kazi, awe na bima ya maisha, na uamuzi wa kugeuka uwe wa kiongozi wao mlimani, familia isipige simu kusukuma.

Wazee waambieni kwamba mpandaji Mwingereza George Mallory, aliyepotea Everest mwaka 1924, alipopatikana mwaka 1999 kwenye mita 8,155 hivi, walimfunika kwa mawe palepale na kumsomea Zaburi. Hata kwetu ziko jamii zinazozika mgomba mwili ukikosekana. Anayewatisha kwamba roho ya marehemu itawasumbua msipolipa anafanya biashara, awe dalali au mganga.

Iandikieni kampuni iliyompandisha. Ombeni maelezo ya mahali alipo na majina ya waliomwona. Ombeni pia kwamba watakaopita hapo kwa safari yao wenyewe, hali ikiruhusu, wamsogeze pembeni ya njia, wamfunike, walete saa au pete yake, na wasimpige picha.

Na ninyi mnaojiandaa kupanda, hata hapa Rwenzori, andikeni kabisa kama mnataka kuteremshwa au kuachwa, mmwachie mtu wa nyumbani karatasi hiyo. Bima msiiamini kwa jina. Mara nyingi "kurejesha maiti" huanzia mochari ya mjini, na gharama ya kutoka mlimani inabaki kwa familia. Tazameni pia kifungu cha urefu: ziko bima zinazokoma mita 4,500. Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, ina 5,109, na ukilala kibanda cha wapandaji cha Elena, mita 4,541, umeshatoka nje ya bima kabla hujakanyaga barafu.