Kabla hujanunua filamu za Kijapani za kindoto

Wanaotaka kukusanya filamu hizi huniuliza waanze na ipi. Jibu langu ni Zigeunerweisen ya Seijun Suzuki, ya mwaka 1980. Inaanza na santuri. Pablo de Sarasate, mtunzi wa muziki ulioipa filamu jina lake, mwenyewe anapiga fidla, rekodi ya 1904, na katikati ya muziki inasikika sauti ya mtu akisema jambo. Marafiki wawili wanaulizana: kasema nini? Hakuna ajuaye. Filamu inaendelea kwa zaidi ya saa mbili, walio hai na waliokufa wakichanganyika, na jibu haliji.

Hapo ndipo tunaponasa. Filamu inayoeleza kila kitu, ukishaitazama imekwisha. Hii nimeirudia na bado naitegea sikio ile santuri.

Kwa hiyo usisome uchambuzi kwanza. Itazame usiku, simu iwe mbali, ulale nayo. Historia yake isome kesho, maana ni tamu: kampuni ya Nikkatsu ilimfukuza Suzuki mwaka 1968 kwa madai kwamba filamu zake hazieleweki. Zigeunerweisen nayo ilipokosa kumbi, mtayarishaji Genjiro Arato aliionyesha ndani ya hema la kujazwa upepo. Jarida la Kinema Junpo likaichagua filamu bora ya Kijapani ya mwaka.

Ukifika kwenye kununua, soma nyuma ya kasha, tena kwa makini. Diski nyingi za soko la Japani hazina tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, na bei yake inauma. Diski za Blu-ray hugawanywa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia: za Japani ni za kanda A, sawa na za Marekani, ilhali Ulaya na Afrika tuko kanda B, na deki ya kanda moja huigomea diski ya kanda nyingine. House ya Nobuhiko Obayashi (1977) ina toleo la Uingereza lenye tafsiri, chukua hilo.

Na usinunue kitu kwa kuwa tu ni adimu. Belladonna of Sadness ya Eiichi Yamamoto, ya 1973, ilisafishwa upya kwa 4K, yaani picha kali sana, baada ya miaka zaidi ya 40. Sehemu kubwa yake ni michoro ya rangi za maji iliyotulia, kamera ikipita juu yake polepole. Ukiitazama kwenye nakala ya kaseti iliyochoka, zile rangi huzioni kabisa. Bora usubiri.